Herufi Tisa, Sekunde Thelathini



Mwenye kalamu na aandike herufi hizi: A, E, G, I, L, N, R, S, T. Ni tisa, na hakuna iliyojirudia. Kazi ni kuunda neno la Kiingereza refu kadiri utakavyoweza, na kila herufi uitumie mara moja tu. Wakati mnakuna vichwa, nitawaeleza kazi hii imetoka wapi.

Uingereza kuna kipindi cha televisheni kiitwacho Countdown. Kilirushwa mara ya kwanza tarehe 2 Novemba 1982, kikiwa kipindi cha kwanza kabisa cha stesheni ya Channel 4, na kwa miaka mingi kilitengenezwa Leeds. Wazo lenyewe walilichukua Ufaransa, ambako Armand Jammot alianzisha mwaka 1965 mchezo wa televisheni wa kutafuta neno refu kupita yote. Mshindani anaomba herufi moja moja, akitaja tu kama anataka irabu au konsonanti, mpaka zitimie tisa. Saa inaanza kuhesabu sekunde 30. Zikiisha, kila mmoja anatangaza kwanza urefu wa neno lake, kisha ndipo analitaja neno lenyewe, na aliyedanganya urefu anaumbuka hapo hapo. Pembeni yupo mtu wa kamusi. Tangu mwaka 1992 watazamaji wamemzoea Susie Dent katika kiti hicho. Kila herufi ni pointi moja, ila aliyetumia zote tisa anapewa 18.

Turudi kwenye karatasi zenu. Mtu asiye na mazoezi anazikodolea macho herufi jinsi zilivyopangwa, akingoja neno lijitokeze. Halijitokezi. Mzoefu anazivuruga kwanza: anaziandika kwa duara, au kwa safu mbili, ili jicho lisishike mpangilio wowote. Kisha anaanza kung'oa vipande anavyovifahamu. Kiingereza kina mikia inayorudiarudia: ING, EST, ER, ED, TION, NESS, ABLE, na ile S ya wingi. Kwetu ING imo. Ing'oeni, zinabaki A, E, L, R, S, T. Humo mnaona ALTER, mnaona ALERT. RELATE je? RELATE inataka E mbili na sisi tunayo moja, lakini ikipokea ING huidondosha E yake ya mwisho, kwa hiyo RELATING inapita. Mna maneno matatu ya herufi nane, ALTERING, ALERTING na RELATING, na S moja imebaki mkononi.

Rudisheni ING, ng'oeni EST. Zinabaki A, G, I, L, N, R. Kuna neno GNARLY, husemwa juu ya mti wenye vifundo na mapindo, na likipokea EST hugeuza Y yake kuwa I. GNARLIEST: herufi tisa. Rudisheni tena. Wekeni S mwishoni na TRI mwanzoni, na katikati zitabaki A, N, G, L, E. TRIANGLES, pembetatu nyingi. Tisa tena. Mkianza na INTE badala ya TRI mnapata INTEGRALS, na waliosoma hesabu za juu wanazikumbuka, wengine kwa uchungu.

Sasa nauliza. Nani humu ndani hakuwa akilijua neno TRIANGLES? Tumelijua tangu shuleni. Waliolikosa leo hawakulikosa kwa uhaba wa msamiati. Kichwani mwetu maneno yamehifadhiwa kwa sauti na kwa maana: ukitajiwa umbo lenye pande tatu neno linakuja, ukitajiwa mwanzo wa sauti yake linakuja. Fumbo la herufi linaligongea kwenye mlango ambao hatukuutengeneza. Hoja yangu yote ya leo ni hii: kutafuta neno refu kwa herufi ulizopewa ni kazi ya upangaji kabla haijawa kazi ya lugha, na anayepanga vizuri humshinda anayejua mengi.

Kabla sijaithibitisha hoja hiyo, nitenganishe maswali matatu ambayo watu huyachanganya, kisha wakalaumiana bure.

Swali la kwanza ni hilo tulilolifanya: tumia herufi hizi tu, kila moja mara moja. La pili linasema tumia herufi hizi tu, lakini unaruhusiwa kuzirudia utakavyo. Gazeti la The New York Times lina fumbo la namna hiyo liitwalo Spelling Bee, la herufi saba ambapo ile ya katikati lazima iwemo katika kila neno. La tatu linasema neno lazima liwe na herufi hizi zote, na nyingine zozote zinakaribishwa.

Mfano wa swali la pili mnao mifukoni. Tazameni kibodi ya simu zenu, safu ya juu: Q, W, E, R, T, Y, U, I, O, P. Neno gani refu la Kiingereza laweza kuandikwa bila kidole kutoka kwenye safu hiyo? TYPEWRITER yenyewe, mashine ya taipu, ni herufi kumi. REPERTOIRE ni kumi, na PERPETUITY, na PROPRIETOR. Kuna mmea wa dawa uitwao RUPTUREWORT, unafika kumi na moja. Shukeni safu ya kati: irabu ni A peke yake, na karibu kinachobaki ni ALFALFA, yale majani ya kulishia ng'ombe. Safu ya chini haina irabu hata moja na haitoi neno la kutamba nalo. Irabu nne ziko juu, moja iko kati. Urefu wa neno umeamuliwa hapo hata kabla hujafikiri.

Mfano wa swali la tatu unaopendwa zaidi ni ule wa irabu tano. EDUCATION inazo zote. SEQUOIA, ule mti mkubwa wa California, inazo zote ndani ya herufi saba tu. FACETIOUS na ABSTEMIOUS zinazo kwa mpangilio ule ule wa A, E, I, O, U, na ukiongeza LY mwishoni unapata na Y kwa nafasi yake. Mimi nalipenda zaidi UNCOPYRIGHTABLE, yaani kitu kisichoweza kuwekewa hakimiliki: herufi 15, irabu zote tano zimo, Y imo, na hakuna herufi iliyojirudia. DERMATOGLYPHICS, elimu ya mistari ya vidole, nayo ina herufi 15 zisizojirudia. Wapenda mafumbo wameyazungusha maneno hayo mawili kwa miaka mingi.

Sasa kwenye upangaji. Herufi tisa tofauti zinaweza kupangwa kwa namna 362,880. Ukihesabu na maneno mafupi yanayoweza kutoka humo, ya herufi nane, saba, mpaka moja, mipangilio inafika 986,409. Mtu akijaribu mpangilio mmoja kila sekunde, usiku na mchana, atamaliza siku kumi na moja, na Countdown inampa nusu dakika. Kompyuta inaweza kuipitia yote hiyo kwa muda mfupi, lakini mwanaprogramu mzuri ataona haya kuiandika hivyo. Kuna njia nyingine, na naomba niieleze kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiswahili inapendeza.

Chukueni neno MALI. Panga herufi zake kwa alfabeti: A, I, L, M. Chukueni MILA, fanyeni vivyo hivyo: A, I, L, M. LIMA: A, I, L, M. LAMI ya barabarani: A, I, L, M. IMLA, lile zoezi tulilokuwa tukisomewa na mwalimu huku tukiandika: A, I, L, M. Maneno matano yasiyohusiana kwa maana yana alama moja. Wanakompyuta huiita sahihi ya neno. Jon Bentley aliieleza vizuri katika kitabu chake Programming Pearls cha mwaka 1986, na wanafunzi wa programu bado wanafundishwa mfano huo. Ukitaka kuijenga kamusi ya mafumbo, unaichukua kamusi ya kawaida, unaandika sahihi mbele ya kila neno, kisha unapanga upya kwa sahihi. Kuanzia hapo hupangi tena herufi ulizopewa kwa namna 362,880. Unazipanga mara moja, kwa alfabeti, na unafungua ukurasa wake. Herufi zetu tisa zina sahihi AEGILNRST, na kwenye ukurasa huo TRIANGLES, INTEGRALS na GNARLIEST zinakungoja pamoja.

Na kama hakuna neno la herufi tisa? Unaondoa herufi moja moja, mbili mbili, na kuendelea. Mafungu yote yanayoweza kutoka katika herufi tisa, makubwa kwa madogo, ni 511. Kwa hiyo badala ya mipangilio karibu milioni moja, unafungua kurasa 511. Hayo yote yametokana na kukubali kuupoteza mpangilio wa herufi, kitu ambacho msomaji wa kawaida anakithamini kuliko vyote. Ili neno lipatikane, lilazimika kwanza kuvunjwa.

Ujanja huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Karne ya 17, mwanasayansi aliyegundua jambo na hakutaka kulitoa bado, lakini aliogopa kuporwa, aliandika sentensi ya ugunduzi wake, akazipanga herufi zake kwa alfabeti, akazichapisha hivyo. Mholanzi Christiaan Huygens alifanya hivyo mwaka 1656 kuhusu pete ya sayari ya Zohali, akaifumbua mwaka 1659. Mwingereza Robert Hooke alichapisha mwaka 1676 herufi hizi: ceiiinosssttuv. Miaka miwili baadaye alieleza kwamba ndani yake mlikuwa na sentensi ya Kilatini ya maneno manne: jinsi springi inavyovutika, ndivyo nguvu yake ilivyo. Wanafunzi wa fizikia wanaijua kama kanuni ya Hooke. Alichokichapisha mwaka 1676 ni sahihi ya herufi, vile vile kama AILM yetu. Haikumtolea siri, na baadaye ilimthibitishia kwamba alikuwa ameshajua.

Kompyuta inahitaji orodha ya maneno, na hapo ndipo watu wengi wanapokwama bila kujua wamekwama. Mashine nyingi za jamii ya Unix zina faili la maneno ya Kiingereza ambalo asili yake ni kamusi ya Webster ya mwaka 1934. Lina maneno zaidi ya 230,000. Kuna pia amri iitwayo grep, aliyoiandika Ken Thompson katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo kazi yake ni kupekua mistari. Swali letu la kibodi, kwa grep -E, linaandikwa hivi: ^[qwertyuiop]+$. Kile kikofia ni mwanzo wa mstari, alama ya dola ni mwisho wake, mabano yanasema herufi yoyote katika hizi, na jumlisho linasema moja au zaidi. Bonyeza, na TYPEWRITER na wenzake wanajipanga kwenye kioo kabla hujainua kidole.

Lakini liulize faili hilo la 1934 kuhusu TRIANGLES, na utaambiwa hakuna. TRIANGLE ipo. Kamusi ya kawaida huorodhesha umoja, na msomaji anaongeza S mwenyewe. Kompyuta haiongezi kitu ambacho haikupewa. Nimeona vijana wakihangaika siku nzima kurekebisha programu isiyo na kosa, ilhali kosa liko kwenye orodha. Wachezaji wa Scrabble, mchezo wa kupanga maneno ubaoni, wameliepuka tatizo hilo kwa kuwa na orodha yao wenyewe, iliyoandikwa kila umbo la kila neno. Ile inayotumika katika mashindano ya kimataifa ina takriban maneno 280,000, na ile ya Marekani na Kanada haifiki 200,000. Kwa hiyo neno linaweza kuwa halali Nairobi na likawa haramu Chicago, na wachezaji hao wote wanasema wanacheza Kiingereza.

Sasa swali la tatu, la neno lenye herufi hizi zote na nyingine. Sahihi haitoshi hapa, maana hujui zilizobaki ni zipi. Fikirini ukuta wenye swichi 26 za taa, moja kwa kila herufi. Neno SAFARI linawasha A, F, I, R na S, hata kama A zake ni mbili. Kila neno katika orodha lina picha yake ya swichi zilizowaka, na kwa kompyuta picha hiyo ni namba moja tu. Ukitaka maneno yenye herufi fulani, unauliza: swichi zangu zote zimewaka kwake? Ukitaka maneno yasiyotoka nje ya herufi zako, unageuza swali: kuna swichi iliyowaka kwake ambayo kwangu imezimwa? Kitendo kimoja cha hesabu kwa kila neno. Orodha ya maneno laki mbili inakwisha kabla hujapepesa macho.

Thamani ya njia hiyo ilionekana wazi mwaka 2022. Matt Parker, mwanahisabati na mchekeshaji wa Australia anayeishi Uingereza, alijiuliza kama kuna maneno matano ya Kiingereza, kila moja la herufi tano, yenye jumla ya herufi 25 tofauti bila hata moja kujirudia. Aliandika programu, akaiacha ikifanya kazi kwenye kompyuta yake. Ilikimbia karibu mwezi mzima, ikaleta jibu: kwa mfano FJORD, GUCKS, NYMPH, VIBEX na WALTZ. Q ndiyo pekee iliyobaki nje. Angalieni irabu zilivyogawiwa kwa taabu: ukihesabu na Y ziko sita, maneno ni matano, kwa hiyo ni neno moja tu lililoweza kupata mbili, nalo ni VIBEX, alama ya damu chini ya ngozi. Alipotangaza jambo hilo, wasikilizaji wake hawakumwachia. Mmoja akaishusha kazi ya mwezi hadi dakika, wengine hadi sekunde, na mwisho ikafika sehemu ndogo ya sekunde. Kati ya ujanja walioutumia umo tuliouzungumza: maneno yenye herufi zile zile yahesabiwe kama moja, na kila neno ligeuzwe namba ya swichi. Orodha ya maneno haikubadilika, tatizo halikubadilika. Namheshimu Parker kwa sababu aliionyesha hadharani programu yake ya mwezi mmoja bila kuipaka rangi.

Watu wengi wakisikia habari za maneno marefu huniuliza lile la herufi 45: PNEUMONOULTRAMICROSCOPICSILICOVOLCANOCONIOSIS. Ni jina la ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi laini. Lilitengenezwa mwaka 1935 na Everett Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1883, kwa lengo moja la kuwa refu. Magazeti yakalichapa, kamusi zikafuata. Madaktari wenyewe wanasema silikosi. Mimi sina hamu na maneno ya aina hii. Ukiruhusu neno litungwe ili lishinde shindano la urefu, shindano limekufa, maana mwenzako kesho ataongeza herufi mbili. Wanakemia nao wana majina ya protini yanayoweza kujaza kitabu kizima. Fumbo lina ladha pale neno lilipoishi maisha yake kabla ya fumbo kuja kulitafuta, kama REPERTOIRE au STRENGTHS, neno la herufi tisa lenye irabu moja tu ambalo mtu hulitamka kila siku bila kujua kuna jambo la ajabu ndani yake.

Scrabble ndiyo mahali ambapo kutafuta maneno kwa herufi kumegeuka kuwa kazi ya maisha ya watu. Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyepoteza ajira wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, alibuni mchezo huo miaka ya 1930. Alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue kila moja itiwe kete ngapi. Kete ziko 100: E zimepewa 12, A na I tisa tisa, U nne. S amezibana zikawa nne tu, la sivyo kila mtu angerefusha neno la mwenzake kwa wingi na kujichumia pointi. Mwenye kutumia kete zake zote saba kwa mkupuo mmoja anaongezewa pointi 50, na hapo ndipo neno refu lilipopata bei.

Kwa ajili ya hizo 50, wachezaji hukariri mafungu. Fungu la A, E, I, N, R, T ni kipenzi chao kwa sababu karibu herufi yoyote utakayoliongezea inazaa neno. Ongeza C: CERTAIN. Ongeza D: TRAINED. Ongeza G: GRANITE. Ongeza P: PAINTER, PERTAIN, na REPAINT. Ongeza S: NASTIER na RETAINS. Mchezaji mwenye fungu hilo mkononi hangoji bahati, anangoja kete moja.

Mtu aliyeithibitisha hoja yangu kuliko wote ni Nigel Richards wa New Zealand. Ameshatwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza mara kadhaa. Mwaka 2015 alikwenda Ubelgiji akashinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, wakati Kifaransa hakisemi. Alikuwa amekariri orodha ya maneno yao kwa wiki chache. Mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania, Granada. Wapo walioona hilo ni tusi kwa lugha. Mimi naona ni maelezo sahihi ya mchezo: umeulizwa herufi, ukajibu kwa herufi.

Mwezi Novemba 2015, Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Alimfunga Mwingereza Lewis Mackay katika fainali, na moja ya maneno yake yaliyotajwa sana ni FELTY, herufi tano, pointi 36. Wanaijeria walikuwa wamepiga hesabu zao. Neno refu lina zile 50, lakini linamfungulia mpinzani ubao, na linakumalizia kete nzuri ambazo zingekufaa zamu inayofuata. Wakajifunza kwa makusudi kuyapendelea maneno ya herufi tano hata pale walipokuwa na refu mkononi. Kwa hiyo, wanafunzi, fahamuni mnacheza mchezo gani kabla ya kuutamani urefu: kwenye Countdown urefu ndio pointi zenyewe, kwenye ubao wa Scrabble una gharama.

Nimeulizwa mara nyingi kama tunaweza kuwa na mchezo wa namna hii kwa Kiswahili. Maneno yetu tayari yamo kwenye orodha za wenzetu. SAFARI, ASKARI na BWANA yanakubalika, na UHURU ni mkombozi wa mchezaji aliyejaziwa U mkononi, kwa kuwa linameza tatu kati ya nne zilizomo mchezoni. Lakini kwa Kiswahili chenyewe kuna kazi ya kufanya kwanza, nayo hairukiki.

Kiingereza kina maumbo machache kwa kila kitenzi, kwa hiyo orodha ya maumbo yote inawezekana kuandikwa na kufungwa jalada. Sisi, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inakupa kidahizo PIKA, na Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015 inakupa PIKA, lakini hutaona humo NITAKUPIKIA, wala TULIPOWAPIKIA, wala WASINGEPIKIWA. Yote ni Kiswahili safi ambacho mpishi yeyote anakitamka. Ukiyaruhusu yote, kila kitenzi kitazaa maelfu ya maumbo, na aliyeshika W, A, S, I na N atakuwa mfalme wa kila meza. Ukiyakataza yote, umewanyima wachezaji kile hasa wanachokifanya vizuri wakizungumza. Rai yangu ni kuruhusu mnyambuliko na kuzuia viambishi vya nafsi na njeo: PIKA, PIKIA, PIKISHA, PIKWA na PIKANA ziwe halali, NITAPIKA ibaki nje. Kwa kanuni hiyo orodha inaweza kuandikwa, na inaweza kugombaniwa kwa haki.

Baada ya hapo kuna kete zenyewe. Alfabeti yetu haina Q wala X, na C haiendi popote bila H. Je, CH iwe kete moja au mbili? Na SH, TH, DH, GH, NY? Wenzetu wameshalitatua jambo hili kila mmoja kwa njia yake: Scrabble ya Kihispania ilitoa kete za CH, LL na RR, na ya Wales ina kete za herufi pacha kama DD na LL. Kwa maoni yangu CH iwe moja, kwa sababu kete ya C peke yake ni mzigo mtupu. SH, TH, DH, GH na NY ziwe mbili mbili, kwa kuwa kila herufi yake ina kazi nyingine mezani. Iliyonishinda kuamua ni NG' yenye king'ong'o. Tukiipa kete yake, NG'OMBE inakuwa ya kete tano. Tukikinyima king'ong'o kete, NGOMA na NG'OMBE zitaanza kwa kete zile zile ilhali kila mtoto anazitofautisha kwa sikio. Walimu wa fonolojia mliokaa mstari wa mbele, mimi nimefika hapo. Nawaachia kipaza sauti.